Dosie Inayotoka Ijumaa

Fanny aliisoma ile barua pepe akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kwa sababu mguu wa pili ulikuwa ndani ya beseni akikanyaga blanketi. Aliisoma mara ya kwanza haraka. Mara ya pili aliutoa mguu majini. Mara ya tatu aliita "Mama!" kwa sauti iliyomfanya Mama Émérence aamini nyoka ameingia nyumbani, akaja mbio na mwiko unaodondosha ugali.

"Wapi? Ameingilia wapi?"

"Haiko nyoka, Mama. Nimepata kazi."

Mama Émérence alimziba binti yake mdomo kwa mkono uleule wenye ugali. Akatazama ukuta wa jirani wa kulia, akatazama wa kushoto, akatazama hata juu, maana jirani wa nyuma alikuwa na mapapai na watoto wake walishinda mitini. Kisha akamvuta ndani na kufunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo pale Kataki, mtaa wa Kalemie ulio kando ya ziwa, hufanywa wakati wa kula kuku tu.

Ni lazima ieleweke kwamba mtaani pale habari mbaya ni mali ya wote, ila habari njema hufichwa kama jipu la makalio. Mtu hasemi anajenga mpaka bati liwe juu. Hasemi mkewe ana mimba mpaka mtoto alie mwenyewe. Kuna baba mmoja aliyeificha safari yake ya Kigoma kwa uangalifu mkubwa hivi kwamba alimwambia hata mkata tiketi kwamba hasafiri, na boti ikaondoka bila yeye. Watu waliposikia hawakumcheka. Walisema huyo ni muntu mwenye akili, tatizo alizidisha kidogo.

"Soma," Mama Émérence alinong'ona. "Soma polepole, na usisome kwa nguvu."

Fanny alisoma. Barua ilikuwa ya Kifaransa kilichopigwa pasi. Ilitoka, ilisema yenyewe, kwa ile ONG kubwa ya kilimani, ya watu wa misaada, yenye ukuta mweupe na magari meupe, ambako Fanny alipeleka dosie yake, yaani karatasi zake za kuomba kazi, wakati wa kiangazi, alipotoka chuo na licence yake ya gestion, shahada ya usimamizi. Amechaguliwa kuwa msimamizi wa ghala kule Manono. Yeye peke yake kati ya mamia. Mshahara wa dola, nyumba ya bure, tiketi ya ndege. Kilichobaki ni ada ya uchunguzi wa afya na bima, dola mia mbili na hamsini, itumwe kwa njia ya simu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Chini, kwa herufi nene: habari hii ni ya siri, na mteule atakayeitangaza jina lake litafutwa. Sahihi: Daktari Gauthier, Mkuu wa Watumishi.

"Unaona?" Mama Émérence alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Hata wao wanajua jirani zetu."

*

Papa Rubens alirudi kutoka ziwani akiwa na harufu ya petroli na ndagala, wale dagaa wa ziwa, akakuta mke na binti wamekaa juu ya kitanda kimoja kama watu waliofiwa. Alipoambiwa, hakukaa. Alizunguka meza. Akatoka uani, akarudi. Akavua kofia, akaivaa, akaivua.

"Manono," alisema. "Mutoto wangu, Manono. Watakupandisha ndege!"

"Papa, kuko kitu kimoja kinanisumbua," Fanny alisema. "Hawakuniita. Hawakuniuliza hata swali moja. Hata mutihani hakuna."

"Wameona akili yako kwa karatasi. Muntu mwenye macho hawezi kuonja samaki mubichi kusudi ajue ni samaki."

"Na hii pesa, Papa? Kazi njo inapaswa kunilipa mimi."

Hapo Papa Rubens aliacha kuzunguka. Alimwangalia binti yake kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu mwenye homa.

"Fanny. Shule ya musingi, tulilipa. Minerval ya chuo, tulilipa. Kufanya mutihani, tulilipa. Mutihani ukaisha, tukalipa kusudi waukosoe. Diplome ikatoka, tukalipa kwa kuichukua, na siku ile ya kuichukua tulilipa muntu wa kufungua mulango. Sasa leo unataka kazi njo iwe bure? Kama wangesema bure, mimi mwenyewe ningesema hawa ni wezi!"

Mama Émérence alipangusa macho. Fanny alinunua mega kidogo za intaneti na inite kidogo za kupigia, akapiga namba iliyokuwa mwisho wa barua. Iliitikiwa mara moja na sauti laini, sauti ya mtu aliyekunywa chai ya maziwa, na nyuma yake zikasikika mashini za biro, zile za ofisini, zikipiga kazi. Daktari Gauthier alimjua kwa jina. Alimpongeza. Akamuuliza kama kuna watu karibu, Fanny akasema hapana, ilhali baba na mama wamebanana sikioni mwake kama vifaranga. Akamkumbusha Ijumaa, saa sita, na siri.

"Umesikia vile anaongea?" Papa Rubens alisema simu ilipokatika. "Yule amesoma mpaka kitabu kikaomba pole."

Kisha akaenda chumbani kuiangalia motere ya mtumbwi wake.

*

Motere ile ndiyo iliyokuwa bwana wa nyumba. Papa Rubens aliinunua miaka aliyoshuka kutoka pwani ya kaskazini, kwa akina Wabembe wenzake, na tangu siku hiyo ilikuwa ikilala chumbani na watoto wakilala sebuleni. Ziwa lilipopanda na kumeza jiko lao la zamani, kitu cha kwanza kuokolewa kilikuwa motere. Mama Émérence aliokolewa wa pili, na hajasahau. Ilikuwa na ngurumo yake. Watu wa Kataki waliwatofautisha wavuvi kwa kishindo cha motere zao, na ya Papa Rubens ilisifiwa kwamba ndagala wenyewe waliisikia na kujipanga. Watu wanne wa mtumbwi wake, na wake zao, na watoto wao, walikula kwa mgongo wa chuma kile.

Jumatano aliibeba begani, imefunikwa turubai, akaipeleka dukani kwa Papa Gaspard, muuza vipuri upande wa pili wa daraja la Lukuga. Watu wa mtumbwi aliwaambia anaipeleka kutengenezwa. Njiani alisalimiwa na watu, na wote aliwajibu bila kuulizwa: "Naipeleka kutengenezwa. Kutengenezwa tu."

Duka lilikuwa na wateja. Papa Gaspard aliondoa turubai, akaitazama motere, akamtazama mwenyewe.

"Papa Rubens. Mwezi umeingia gizani, samaki wako wanaita, na wewe unauzisha motere? Kuko msiba?"

"Apana."

"Kuko ugonjwa?"

"Tuko wazima."

"Basi kuko mali," Papa Gaspard alisema akicheka na wateja. "Umepata mali, ndugu yangu, unatuficha. Mutoto amepata kazi?"

Papa Rubens aliliona jina la Fanny likifutwa kule kilimani kwa kalamu nyekundu. Akasema neno la kwanza lililokuja:

"Inakohoa."

"Nani?"

"Motere. Inakohoa. Imechoka. Saa ingine katikati ya ziwa inazimika kabisa."

Alijisikia kama mtu anayemsingizia mwanawe wizi. Papa Gaspard aliizunguka motere, akapandisha midomo. Bei aliyokuwa nayo kichwani ikaanza kushuka machoni mwake, na Papa Rubens aliiona inashuka, na kwa kuwa uongo ulikwisha kutoka hakuweza kuurudisha. Alipojaribu kusema kikohozi si kikali sana, mteja mmoja aliguna: "Motere mugonjwa ni ya kuuzisha kwa kilo, Papa." Wakacheka wote. Papa Rubens naye akacheka kidogo, kusudi asionekane kuwa anaficha kitu.

Akatoka pale na pesa isiyofika hata hiyo ada. Ndiyo maana haikutumwa siku ile. Walipanga Mama Émérence auze Ijumaa asubuhi gunia lake lote la ndagala kavu ndipo hesabu itimie. Na Daktari Gauthier alikuwa haishi kutuma: kumbusho asubuhi, kumbusho mchana, kumbusho la mwisho, kumbusho la mwisho kabisa. Simu ya Fanny ikilia, nyumba nzima inaruka. Papa Rubens alikuwa anainuka katikati ya chakula kwenda kuangalia motere, anafika mlangoni mwa chumba, anakumbuka, anarudi.

*

Alhamisi shirika lilisali kwa Papa Rubens. Shirika, hapa kwetu, ni familia za mtaa mmoja zinazokutana kila juma kwa mwenzao mmoja, alasiri, kusoma Injili na kuombeana. Mama Louise, mkubwa wa shirika, mjane mwenye sauti ya kupita pembe ya boti, alikaa kwenye kiti chenye mikono. Papa Norbert, mwalimu wa sekondari, alikuja na kola yake na tai. Mama Emilie, mshonaji, aliingia wa mwisho akaketi chini karibu na mlango, na mtu mwenye macho angeona kwamba leo hakuja na sindano wala uzi kifuani, vitu ambavyo huwa anavyo hata kanisani.

Ukafika wakati wa maombi. Kila mtu hufumba macho, mwenye haja husema, na wote huitikia.

Mama Émérence alianza. Alikuwa amelitayarisha ombi lake usiku kucha ili Mungu alielewe na jirani wasilielewe.

"Baba, kuko familia moja. Siitaje. Kuko dosie yao iko juu ya meza fulani. Yule anashika kalamu, umushike mukono, asigeuke."

"Utusikilize, Bwana," shirika liliitikia.

Papa Norbert akakohoa.

"Ee Mungu, tunamuombea mutoto moja kijana. Simutaje. Dosie yake nayo iko juu ya meza. Ifike Ijumaa salama, kabla ya saa sita."

"Utusikilize, Bwana."

Fanny alifumbua jicho moja.

Ndipo Mama Emilie akaanza, na yeye hakuwa na ufundi wa kuficha, kwa sababu alikuwa na hofu. "Bwana Yesu, mimi nilikwisha kutimiza. Asubuhi ya leo nilituma yote. Niliuzisha sherehani yangu, Bwana, unajua ile sherehani. Sasa namba haipokei tena. Umuguse roho Daktari Gauthier, apokee simu yangu..."

"Utusikilize, Bwa..." shirika lilianza, likakatika njiani.

Macho yote yalikuwa wazi, isipokuwa ya Mama Louise, ambaye aliitikia peke yake mpaka mwisho, kisha naye akafumbua kuona kwa nini ameachwa.

"Gauthier gani?" Papa Norbert aliuliza.

"Nani amesema Gauthier?" Papa Rubens alisema, amesimama.

"Mama Emilie, kwako wewe ni Gauthier gani?"

"Wa... wa kilimani," Mama Emilie alisema, akashika mdomo. "Apana! Sijasema kitu. Sonia wangu watamufuta!"

"Sonia?" Fanny alisema. "Sonia njo msimamizi wa ghala?"

"Manono," Mama Emilie alinong'ona.

"Doudou wangu njo anaenda Manono!" Papa Norbert alisema kwa ukali, kama aliyeporwa kiti. "Yeye peke yake kati ya mamia!"

Simu zikatoka mifukoni. Zikawekwa juu ya meza, kando ya msalaba na mshumaa. Ya Fanny, ya Papa Norbert aliyetumiwa na mwanawe, na ya Mama Emilie iliyofungwa kwa mpira. Barua ilikuwa moja. Herufi nene zilikuwa nene mahali pamoja. Majina tu ndiyo yaliyobadilika.

Papa Norbert alijaribu bado. Alifuta miwani. "Inawezekana ghala ni kubwa," alisema. "Inawezekana linahitaji wasimamizi watatu."

"Peke yake, Papa Norbert," Mama Louise alisema. "Imeandikwa peke yake mara tatu. Fanny, mwanangu, piga. Weka sauti kubwa."

Fanny alipiga. Iliitikiwa papo hapo, kwa sababu yeye alikuwa bado hajalipa.

"Mademoiselle Fanny," sauti ya chai ya maziwa ilisema. "Ada iko tayari?"

"Bado, Docteur. Nilitaka kuuliza. Kuko wengine wamechaguliwa?"

"Wewe peke yako. Lakini nasikia watu. Uko peke yako? Umelinda siri?"

Mama Émérence aliinama mezani, mdomo karibu na simu, akasema kwa heshima yote anayoongea nayo mtu kwa mkubwa wa biro:

"Papa Gauthier, bonjour. Sisi wote hapa njo yule mumoja."

Mashini za biro ziliendelea kupiga kazi, kisha zikaanza upya tangu mwanzo, kama wimbo uliorudishwa, na kila mtu pale mezani akasikia kwamba ni wimbo wa kurekodiwa tu.

"Usikate, Papa," Mama Louise alisema. "Umetukuta katikati ya sala. Tumalizie Baba Yetu na wewe..."

Alikata. Watu wakacheka, kicheko cha watu waliokoswa na gari. Kikafika mpaka karibu na mlango, kikamkuta Mama Emilie ameketi vilevile, mikono mitupu mapajani, kikafa.

*

Papa Rubens hakungoja baraka ya mwisho. Alivuka daraja la Lukuga akikimbia kwa ndala, pesa mkononi ndani ya kitambaa, na wote waliomwona walisema baadaye kwamba ndala zilibaki upande huu na yeye akafika upande ule.

Motere ilikuwa imesimamishwa mbele ya duka, imepakwa mafuta, inang'aa. Papa Gaspard alikuwa anaionyesha kwa wateja.

"Pesa yako hii hapa," Papa Rubens alisema. "Yote. Unirudishie."

"Nikurudishie mugonjwa wako? Alikwisha kupona. Niliwasha asubuhi, hakohoi hata kidogo. Ninaona ni mikono yangu." Wateja walicheka. "Sasa bei yake ni ya muzima."

"Papa Gaspard, haikukohoa. Haijapata kukohoa."

"Ulisema wewe mwenyewe. Watu walisikia."

"Nilidanganya."

"Muuzaji anadanganya kushusha bei yake mwenyewe? Tangu nizaliwe ndani ya Kalemie sijaona."

Hapo hapakuwa na njia ya pembeni. Papa Rubens alisimama peku katikati ya duka, akaeleza yote: barua, Manono, ndege, bima, Ijumaa, siri. Alieleza mpaka jinsi alivyombana binti yake kwamba kazi ya bure ni ya wezi. Kijana mmoja alicheka mpaka akashika mlango. Mzee mmoja alisema, "Baba mzima na mvi!" Papa Gaspard alicheka kwa kupiga kaunta, kisha akamwomba arudie pale pa ndege.

Papa Rubens akarudia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachagua balbu hakucheka. Alisogea na kuuliza kwa sauti ya chini: "Ile ya ukuta mweupe? Na anaitwa Gauthier?" Papa Rubens akasema ndiyo. Mwanamke yule aliweka balbu chini, na pesa yake akaiacha juu ya kaunta, akatoka anatembea haraka, na baada ya hatua chache akaanza kukimbia. Kijana aliyeshika mlango aliacha kucheka, akaingiza mkono mfukoni mwenye simu, akauacha humo.

"Chukua," Papa Gaspard alisema hatimaye. "Ila utanilipa buji ya kuwashia moto. Nilimutia buji mupya. Na mafuta."

"Buji yake ilikuwa muzima."

"Wewe njo ulisema anakohoa, Papa! Ningemutia nini, sirop?"

Papa Rubens alilipa buji, akalipa na mafuta. Alibeba motere begani bila turubai, akarudi na daraja lilelile, peku.

*

Ijumaa, saa zilezile za dosie, akina Fanny, Sonia na Doudou walipanda kilimani pamoja, na Mama Emilie nyuma yao. Mlinzi wa ukuta mweupe hakufungua. Alinyoosha kidole tu. Ubavuni mwa lango, chini ya ubao wa nafasi za kazi, palikuwa na ubao mwingine: Hatuombi pesa kwa mtu yeyote anayeomba kazi. Wino ulikuwa umeanza kupauka kwa jua. Fanny alikumbuka kiangazi kile alivyosimama palepale, amebanwa na mabega ya wengine, macho yake yote juu kwenye ubao wa nafasi.

"Kila siku nawaambia," mlinzi alisema. "Wananiambia mimi nina wivu."

"Na pesa yangu, mwanangu?" Mama Emilie aliuliza. "Niulize kwa nani?"

Mlinzi alitazama viatu vyake.

Wiki zilizofuata Papa Rubens alivua vizuri. Motere ilinguruma kuliko zamani, na watu wa Kataki walianza kusema buji ya Papa Gaspard ina dawa. Lakini hakutulia. Kila alipopita kwa Mama Emilie aliiona ile nafasi dirishani palipokuwa sherehani, na Mama Emilie akiwa ameinama anashona kwa mkono shati la mtu, uzi kwa uzi. Alikuwa anaacha samaki mlangoni na kuondoka kabla hajaitwa. Maana jambo lenyewe lilikuwa rahisi na lilimkaba: ile barua iliingia kwake Jumatatu. Kama angepiga kelele Jumatatu ile, kama mkewe asingefunga mlango, sherehani ingekuwa dirishani.

Ndipo simu yake mwenyewe, ile ndogo ya kuongelea ziwani, ikaleta ujumbe. Ulitoka Kitengo cha Kurudisha Pesa za Waliotapeliwa. Gauthier amekamatwa, ulisema. Pesa zote za Kalemie zimepatikana. Na yeye Papa Rubens, kwa uaminifu wake, amechaguliwa peke yake kuwa mjumbe wa kuzigawa. Kwanza atume kitu kidogo tu cha muhuri. Na asimwambie mtu, ili wezi wengine wasisikie.

Aliusoma nyuma ya mtumbwi. Akausoma tena chooni. Alijiona anaingia kwa Mama Emilie na sherehani begani, hasemi neno, anaiweka dirishani, anaondoka. Aliiona picha hiyo wazi kiasi kwamba alihisi na uzito wake. Alijua. Hebu tuwe wakweli, alijua. Lakini miguu ilikwisha kumpeleka hadi kwa msichana wa kabine, anayetuma pesa za watu kwa simu chini ya mwavuli wa parasoli, na pesa ya ndagala ilikuwa mkononi.

"Natuma kwa nani, Papa?" msichana aliuliza.

Papa Rubens alifungua mdomo. Akatazama huku na huku kama kuna jirani, na kule kutazama ndiko kulikomshitua.

"Ngoja," alisema. "Nitarudi."

Hakurudi, ila alipita pale mara mbili zaidi.

*

Shirika la juma lile lilikuwa kwa Mama Emilie. Watu walikaa wakijitahidi kutotazama dirishani, kwa hiyo wote walitazama dari. Ukafika wakati wa maombi. Macho yakafumbwa.

"Mimi sitaki mufumbe macho," Papa Rubens alisema.

Alikuwa amesimama. Mama Émérence alimvuta suruali, akidhani ameugua. Akatoa simu, akaisogeza mbali na uso kama wasomavyo wazee, akasoma ujumbe wote kwa nguvu, kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi mwingine ziwani. Alisoma pa uaminifu wake. Alisoma pa peke yake. Alisoma na pa muhuri.

"Njo vile," alisema. "Nilifika mpaka kwa parasoli. Na pesa mukononi. Mimi, mwenye alikuwa anacheka Gauthier na nyinyi kule kwangu. Mungu anisamehe, na Mama Emilie."

Hakuna aliyecheka. Papa Norbert, taratibu, akaingiza mkono chini ya kola kulegeza tai.

"Ya kwangu," alisema, "iliingia Jumapili. Mimi pia ni mujumbe."

"Peke yako?" Mama Louise aliuliza.

"Peke yangu."

"Na mimi," alisema baba mmoja wa nyuma, ambaye hata mtoto wa kuomba kazi hakuwa naye. "Lakini mimi nilishinda gari."

Hapo ndipo Mama Emilie alipocheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikampanda mabegani, shati alilokuwa akilishona likaanguka chini, na wengine waliposikia kwamba ni yeye, nao wakaachia. Papa Rubens alibaki amesimama, anacheka na kufuta macho kwa kofia. Mama Louise alingoja kidogo, kisha akagonga sakafu kwa fimbo.

"Basi hapa, kuanzia leo, mwenye kupata bahati ndani ya simu anasimama. Hata kama ni ya kweli. Hasa kama ni ya kweli. Na mwenye kuona wivu aone wivu hapa hapa tukimuangalia. Tusali. Macho wazi."

Wakasali macho wazi, wakitazamana. Hawakuwa wamefika nusu ya Baba Yetu simu ya Mama Emilie ilipolia, ile iliyofungwa kwa mpira. Namba ilikuwa ngeni. Akaiweka juu ya goti lake, akabonyeza sauti kubwa.

"Mama Emilie?" sauti iliuliza, laini, ya mtu aliyekunywa chai. "Nina habari njema kwako. Lakini ni ya siri. Uko peke yako?"

Mama Emilie aliutazama ule mzunguko wa nyuso, Papa Norbert na tai yake, Fanny, Mama Émérence, Papa Rubens mwenye kofia mkononi, wote wameinama kumwelekea.

"Karibu, Papa," alisema. "Sema kwa nguvu. Tuko wengi."